Zinavutana, Zinasukumana: Kompyuta Inavyofuata Vichala Ndani ya Kimiminika

Panda matatu ya Thika Road, Nairobi, saa kumi na mbili jioni, ukae dirishani upande wa kushoto, uangalie wachuuzi. Roysambu utakuta vibanda vya matunda vimebanana hadi hupiti bila kugusa meza ya mtu. Mbele kidogo vinakatika, unaona ukuta na magari tu. Ukifika Githurai, vibanda tena, vimebanana vile vile. Muuza parachichi anajiweka karibu na muuza ndizi kwa sababu mteja aliyesimama kwa jirani humwona na yeye. Lakini wateja wa steji moja wana kiasi chao. Wachuuzi wakizidi kila mmoja anaumia, na anayekuja mwisho anaona heri aende steji inayofuata. Faida ya kukaa pamoja inatoka kwa majirani wawili watatu wa ubavuni. Hasara inatoka kwa kila aliye steji ile, hata yule wa mwisho kabisa ambaye humwoni kutoka ulipo.

Ndiyo maana hawakusanyiki wote wakawa soko moja, wala hawatawanyiki sawasawa njia nzima. Wanakuwa vikundi, na kila kikundi kina mahali kinapokomea kukua. Kazi yangu ni kutazama jambo hilo hilo kwenye kompyuta, ila badala ya wachuuzi nina chembe ndogo zinazoelea ndani ya maji. Chembe hazina akili, hazijui kuhesabu hasara. Hata hivyo zikipewa nguvu mbili, ya kuvutana zikiwa karibu na ya kusukumana zikiwa mbali kidogo, zinajipanga kwa vikundi vyenye ukubwa wake kana kwamba zimekubaliana. Nitaviita vichala, kama vile vya matunda.

Tuanze na nguvu yenyewe, maana watu wengi hudhani kwamba nguvu mbili zinazopingana lazima moja ishinde. Mvutano wa karibu unaweza kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1954 Wajapani wawili, Asakura na Oosawa, walieleza hivi: chukua mipira mikubwa ndani ya maji, ongeza nyuzi fupi za polima zilizojikunja kama vifundo vidogo. Mipira miwili ikikaribiana kiasi kwamba kifundo hakipenyi katikati, vifundo vilivyo nje vinaendelea kuigonga kutoka upande wa nje, na katikati hakuna cha kuisukuma itoke. Inabanwa pamoja. Ukiitazama utasema inapendana, kumbe inasukumwa na umati. Msukumo wa mbali kwa kawaida unatoka kwenye chaji za umeme: mipira yote ikiwa na chaji ya aina moja, inakataana. Ioni zilizo majini, yaani chembechembe zenye chaji ambazo chumvi huziachia ikiyeyuka, huificha chaji hiyo, kwa hiyo ukitia chumvi, msukumo unafupika. Chumvi ni kama kitufe cha redio hapa. Unaizungusha na urefu wa msukumo unapanda au kushuka.

Sasa, kwa nini kichala kinaacha kukua? Tuseme mvutano unafika umbali wa kipenyo kimoja na nusu cha chembe, na msukumo, ambao ni dhaifu sana, unafika vipenyo vinne. Unaweza kudhani msukumo dhaifu hauna neno. Lakini idadi ya majirani inaongezeka kwa mchemraba wa umbali. Tufe la nusu kipenyo 4 lina ujazo mara 19 kuliko tufe la nusu kipenyo 1.5. Kwa hiyo kichala kikiwa kidogo, kila chembe mpya inapata majirani wa kuivuta na karibu hakuna wa kuisukuma. Kikikua, wanaoivuta hawaongezeki tena, maana nafasi ya ubavuni imejaa; wanaoisukuma wanazidi kuongezeka nyuma yao. Kila mmoja anasukuma kidogo, ila ni wengi. Ni muuza parachichi yule yule wa Roysambu.

Kumbuka hiyo 19, itarudi.

Kabla ya kompyuta, acha nieleze kwa nini tunazihitaji hata kidogo, na kwa hilo nitakwenda kwa kijana anayeuza mayai ya kuchemsha karibu na ninapokaa. Ananijua. Akiniona anauliza, "Mwalimu, leo moja ama mawili?" huku ameshachambua ganda, anapasua yai katikati kwa kisu na kulijaza kachumbari. Ule weupe unaoteleza kwenye vidole vyake una protini iitwayo lisozimu, ambayo Alexander Fleming aliitangaza mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya penisilini. Ukiisafisha lisozimu na kuiweka kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, unapata mfano halisi wa kimiminika ninachokieleza: molekuli zina chaji chanya kwa hiyo zinakataana kwa mbali, lakini zikigusana zinashikana.

Mwaka 2004 kundi la watafiti lililoongozwa na Anna Stradner lilichapisha vipimo vya lisozimu kwenye jarida la Nature. Walipitisha nyutroni na miale ya eksirei ndani ya myeyusho na kuona jinsi inavyotawanyika. Kwenye mchoro wa mtawanyiko kukawa na mwinuko ambao haukuhama mahali pake hata walipoongeza protini. Wakasoma hivi: umbali kati ya vitu fulani haubadiliki, basi kuna vichala, na protini zikiongezeka, vichala navyo vinanenepa badala ya kusogeleana. Lilikuwa wazo zuri na lilivuta watu wengi. Kisha mwaka 2008 wengine, kwa vipimo vya aina hiyo hiyo, wakaandika kwamba katika lisozimu vichala hivyo vya kudumu havipo. Watu wenye ujuzi, vifaa vizuri, protini ya yai lile lile, na hawakubaliani kama kitu kipo au hakipo.

Shida ni kwamba mwinuko kwenye mchoro hausemi "kichala". Unasema tu kwamba kuna umbali fulani unaojirudia. Chembe zinaweza kuwa zimepangika kwa umbali huo bila hata moja kumshika mwenzake. Nyutroni hazikupi picha ya kila chembe ilipo, kompyuta inakupa. Ndani ya kompyuta najua mahali pa kila chembe, naweza kuhesabu nani amemgusa nani, kisha nakokotoa mwinuko ambao nyutroni zingeuona. Ni hapo tu ndipo naweza kusema mwinuko wa aina hii una vichala nyuma yake na wa aina ile hauna.

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kufuata mwendo. Unakokotoa nguvu juu ya kila chembe, unatumia sheria ya Newton, unaisogeza kwa muda mfupi sana, unakokotoa tena, mamilioni ya mara. Alder na Wainwright walifuata mwendo wa mipira migumu, mgongano baada ya mgongano, mwaka 1957, na Aneesur Rahman, mzaliwa wa Hyderabad aliyefanya kazi Marekani, akafuata kwa atomu 864 za agoni ya kimiminika mwaka 1964. Faida yake ni kwamba una saa mkononi: unaweza kuuliza kichala kinadumu muda gani.

Ya pili inaitwa Monte Carlo, jina la mji wa kamari, kwa sababu inategemea bahati nasibu. Mwaka 1953 kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, Metropolis, Rosenbluth wawili mume na mke, na Teller wawili mume na mke, walichapisha kanuni ambayo bado tunaitumia karibu neno kwa neno. Programu yenyewe kwenye mashine ya MANIAC iliandikwa na Arianna Rosenbluth, na mimi napenda jina lake litajwe kila kanuni hii inapotajwa. Walikuwa na visahani 224 tu. Kanuni inasema: chagua chembe moja kwa nasibu, isogeze kidogo kwa nasibu. Nishati ikipungua, kubali. Ikiongezeka, usikatae moja kwa moja. Kubali kwa uwezekano unaopungua haraka kadiri ongezeko linavyokuwa kubwa ukilinganisha na halijoto. Rudia. Ukirudia vya kutosha, mipangilio unayoipitia inatokea kwa uwiano ule ule ambao ingetokea kwenye chupa halisi.

"Vya kutosha" ndilo neno lililobeba mzigo wote.

Chukua chembe iliyo ndani ya kichala, imeshikwa na majirani sita. Ili iondoke lazima ivunje mishiko sita. Kama halijoto ni 0.4 ya kina cha mshiko mmoja, yaani nishati ya kuuvunja, uwezekano wa kukubaliwa ni kama mara tatu katika kila majaribio milioni kumi. Ndani ya kichala chembe zinatikisika vizuri tu, kiwango cha kukubaliwa kinaonekana kizuri, na ukitazama tarakimu kwenye skrini utadhani kazi inakwenda. Lakini hakuna chembe inayohama kutoka kichala kimoja kwenda kingine. Kichala kizima nacho hakisogei, maana kusogeza chembe moja kunavuta mshiko nyuma yake. Ulichoanza nacho asubuhi ndicho unachokikuta jioni, na programu haikuambii kwamba imekwama. Hakuna ujumbe wa kosa. Katika vimiminika vya kawaida, kama ile agoni ya Rahman, jambo hili halikusumbui. Katika vyenye nguvu zinazopingana ndilo jambo lenyewe.

Dawa ya kwanza ni kusogeza kichala kizima kwa pamoja. Inaonekana rahisi, na watu wengi hukosea hapa. Tuseme nimechukua kichala cha chembe 20, nikakisogeza, kikagusana na kingine cha chembe 15. Nikikubali, nimetengeneza kichala cha 35. Sasa niulize: je, kanuni yangu inaweza kurudi nilikotoka? Haiwezi, kwa sababu safari hii ikichagua kichala itachukua zote 35 na kuzisogeza pamoja. Njia ya kwenda ipo, ya kurudi haipo, na uwiano wote unaharibika: vichala vitazidi kuungana kuliko inavyostahili, na utaripoti vichala vikubwa ambavyo programu yako mwenyewe imevitengeneza. Kwa hiyo hatua ya aina hiyo lazima ikataliwe, na kuungana kuachiwe hatua za chembe moja moja. Mwaka 2007 Whitelam na Geissler walitoa njia pana zaidi, ambapo kundi linalosogea halichaguliwi kwa kutazama nani amemgusa nani. Unasogeza chembe moja kwa kujaribu, unaona ni jirani gani angevutwa nayo, unamwongeza kwa uwezekano unaotokana na nishati, unaendelea hivyo mpaka kundi likamilike. Mwendo unaopatikana unafanana na wa kweli zaidi.

Dawa ya pili ni kuruka: unachukua chembe kichala hiki na kuiweka moja kwa moja ubavuni mwa chembe ya kichala kingine, bila kuipitisha majini katikati, huku ukisahihisha hesabu kwa upendeleo uliofanya. Ya tatu, ninayoiamini kuliko zote, ni kuendesha nakala nyingi za mfumo mmoja kwa pamoja, kila moja na halijoto yake, na mara kwa mara kuzibadilishana. Swendsen na Wang waliliandika wazo hili mwaka 1986. Nakala iliyokwama kwenye baridi inapanda kwenye joto, vichala vinafumuka, inashuka tena ikiwa imejipanga upya. Gharama yake ni kompyuta, na hapa ile 19 inarudi. Kama msukumo unafika vipenyo vinne, kila chembe inabidi ihesabiwe na majirani wengi mara 19 hivi kuliko kama tungekuwa na mvutano peke yake. Namba ile ile inayozuia kichala kukua ndiyo inayoifanya kompyuta iwe nzito.

Basi kishawishi kinakuja: si tuukate mkia? Msukumo wa mbali ni mdogo, tuukomeshe kwenye vipenyo viwili na nusu kama wanavyofanya kwa agoni, kazi iwe nyepesi. Nawasihi wanafunzi wasifanye hivyo. Ukikata mkia umeondoa wale majirani wengi walio nyuma, na hao ndio walioamua ukubwa wa kichala. Umebadilisha kimiminika ukidhani umeokoa muda.

Kuna jambo moja ambalo nililipata kwa maumivu, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu lingeweza kumpata yeyote. Chembe mia chache haziwezi kuwa ndani ya chupa yenye kuta, maana karibu zote zingekuwa ukutani. Tunatumia sanduku lisilo na kuta: chembe ikitoka mashariki inaingia magharibi, ikitoka kaskazini inaingia kusini. Kila kilicho ndani kinajirudia bila mwisho. Nilikuwa na mfumo wa bapa, wa pande mbili tu, ambapo chembe zikizidi kidogo zinaacha kuwa madoa na kuwa mistari, mstari wa chembe na mstari mtupu, kama pundamilia. Sanduku langu lilikuwa la upande wa vipenyo 20. Mistari ikatokea imeinama digrii 45. Nikaanza upya kwa mpangilio mwingine wa nasibu. Digrii 45. Nilianza mara tano, na mara zote tano ikawa vile vile. Nikaamini nimepata kitu, kwa sababu nilifundishwa kwamba matokeo yakijirudia ni ya kweli. Nikakaa nayo wiki nzima nikitafuta sababu ya fizikia.

Sababu ilikuwa sanduku. Mistari ile, ikiachwa huru, inapenda umbali wa 7.5 kati ya mmoja na mwingine. Ndani ya upande wa 20, ikisimama wima, lazima iwe idadi kamili: miwili, umbali 10, au mitatu, umbali 6.67. Yote mawili haipendi. Ikilala kwa digrii 45 inapata umbali wa 7.07, ambao uko karibu zaidi na 7.5 kuliko chochote kingine sanduku linachoruhusu. Ikainama kwa kutafuta pumzi. Nilipobadilisha upande kuwa 22.5, mistari mitatu ikaingia sawasawa, wima, bila mwinamo wowote. Kurudia mara tano ndani ya sanduku lile lile kulikuwa kurudia kosa lile lile mara tano.

Tangu hapo siamini mchoro wowote wa mistari, matabaka au fuwele za vichala mpaka nione ukubwa wa sanduku umebadilishwa. Kwa fuwele za vichala mambo ni magumu zaidi. Fuwele ya kawaida ina atomu moja kila kituo, basi ukijua idadi ya atomu unajua idadi ya vituo. Hapa kila kituo kina kichala, na kichala kinaweza kuwa na chembe 18 au 22. Ukifunga idadi ya chembe na ukubwa wa sanduku, bado hujui vituo viwe vingapi, na chembe zenyewe haziwezi kuongeza kituo kipya katikati ya safu zilizokwisha kupangika. Inabidi wewe uendeshe hesabu kwa idadi mbalimbali za chembe kwa kituo, upime nishati huru ya kila moja, yaani nishati ikihesabiwa pamoja na mvurugiko wa chembe, uchague iliyo chini kabisa. Mladek, Charbonneau na Frenkel walilifafanua tatizo hili mwaka 2007 kwa chembe laini zinazoweza kupishana, na mwaka 2016 Zhuang, Zhang na Charbonneau wakachora ramani ya hali zote za mfano wa chembe zenye mvutano na msukumo: vichala, nguzo, matabaka, na muundo mmoja wenye mitandao miwili ya mirija iliyosukana bila kugusana. Ramani ile ilichukua miaka mingi kupatikana, ingawa mfano wenyewe unaandikika kwa mistari mitatu.

Na lisozimu? Mwaka 2014 kundi la Godfrin lilitumia Monte Carlo kutenganisha hali: kuna kimiminika ambacho mwinuko upo lakini chembe nyingi ziko peke yake, kuna ambacho vichala vya ukubwa fulani vinatawala kweli, na kuna ambacho chembe zimeshikana kutoka ukingo hadi ukingo. Mwinuko pekee hauwezi kukuambia uko wapi kati ya hizo. Kimo chake na mgawanyo wa ukubwa wa vichala vinasaidia. Vipimo vya mwendo wa lisozimu navyo vilionyesha kwamba swali la "vipo au havipo" lilikosa neno moja, muda. Vichala vinavyoundika na kuvunjika haraka vinaonekana na kifaa kimoja na kupotea kwenye kingine. Mimi naona pande zote mbili za ule ubishi zilikuwa zinapima vizuri na kuuliza kwa ufupi mno.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze kwa bapa, chembe mia mbili, kipakatalishi chochote. Programu ya kurasa mbili inatosha. Kuna pia LAMMPS, programu iliyo tayari ya kufuata mwendo wa chembe, ambayo ni ya bure. Hifadhi hali ya mfumo kila nusu saa, kwa sababu stima ikipotea usiku hutaki kurudi mwanzo. Anza na chembe chache uone madoa. Ongeza, uone mistari. Ongeza tena, uone mambo yamegeuka: chembe zimejaa kila mahali na utupu ndio umekuwa madoa. Kisha fanya jaribio ambalo wengi wanaliruka. Endesha mfumo ule ule mara mbili, mara moja ukianza na chembe zilizomwagwa ovyo, mara ya pili ukianza na mistari uliyoipanga kwa mkono wako. Chora nishati ya zote mbili kwenye karatasi moja. Moja itashuka kutoka juu, nyingine itapanda kutoka chini. Mistari hiyo miwili isipokutana, bado hujapata jibu, hata kama picha inapendeza. Yangu ya wiki hii ina siku nne sasa, na pengo lililobaki kati yake linapungua kila asubuhi ninapofungua skrini.